Figo za Sajini

Nakumbuka nilivyozishika figo zile kiganjani, mwanangu, nikashindwa kuamini kwamba mnyama aliyekuwa nazo alikuwa akikamata panya. Zilikuwa ndogo mno, ngumu, zimejaa vinundu na mabonde, na kisu kilipopita ndani yake kilikwaruza kama kimegusa mchanga. Sehemu kubwa ilikuwa imekufa zamani. Kijisehemu kilichobaki hai, nacho hakikuzidi punje ya haragwe, ndicho kilichokuwa kikifanya kazi ya figo mbili nzima, na katika nyumba ile hakuna aliyekuwa na habari.

Mwenye figo hizo alikuwa paka. Na kwa ajili ya paka huyo, mwanamke mmoja wa Koboko alikuwa karibu kufukuzwa, yeye na watoto wake.

Ngoja nirudi nyuma.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa msichana aliyemaliza shule ya misheni kule Ediofe, nikapata kazi katika maabara ndogo ya mifugo mjini Arua. Usifikirie maabara kama hizi mnazosomea ninyi. Umeme ulikuja ulipotaka. Hadubini yetu ilikuwa na kioo chini kinachokamata mwanga wa jua, kwa hiyo siku ya mawingu tuliosha chupa. Mkubwa wetu alikuwa Dokta Leku, mtu mwembamba, wa sauti ya chini, aliyerudi kutoka uhamishoni Zaire kama wengi wetu. Kazi aliyolipwa kuifanya ilikuwa ya ng'ombe na mbuzi. Kazi ya moyo wake ilikuwa figo. Alikuwa na rafu nzima ya chupa za fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, na ndani yake figo za mbuzi, za mbwa, za paka waliogongwa na lori. Alizitazama kama mtu anavyotazama picha za watoto wake. Waliopita dirishani walimtania: "Dokta, leo mchuzi ya nini?" Naye alijibu bila kuinua kichwa: "Ya figo. Karibu."

Wiki moja hivi baada ya Idi, akaingia kijana mmoja kutoka Koboko, jina lake Musa, amebeba kikapu kilichofungwa kwa kanga kuukuu. Alikuwa amepanda pikapu tangu alfajiri, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Hakukaa.

"Nataka karatasi ya serikali," alisema. "Andika hapo, hii paka imekula sumu."

Paka alikuwa wa baba yake, Mzee Rajabu, Mnubi, askari wa jeshi la zamani. Mzee alimwokota akiwa mdogo kule uhamishoni, na vita vilipotulia akamrudisha nyumbani juu ya baiskeli ndani ya kikapu. Kwa kuwa mguu wake wa mbele ulikuwa na mistari mitatu kama tepe za cheo, Mzee alimwita Sajini.

Jirani yao alikuwa mjane aitwaye Kiden, Mkristo, aliyekuwa amerudi kutoka Sudan mwaka ule ule na kujenga kibanda karibu na ua wao. Ramadhani ilipofika, akampelekea Mzee futari: samaki mkavu aliyepikwa kwa simsim, yaani ufuta. Ndivyo majirani wanavyofanya kwetu, hawaulizani dini. Jioni hiyo tumbo la Mzee lilikuwa linamsumbua, samaki akapewa Sajini. Baada ya Idi, Sajini akaacha kula. Akatapika. Akakonda mpaka mgongo ukahesabika.

"Fungua mudomo yake, angalia," Musa alisema. "Imeungua. Ile chakula ilikuwa ya baba yangu. Ijumaa watu wanakaa baraza, halafu huyu mama anatoka. Akikataa, shauri yake."

Mwanangu, kama hukukulia kwetu huenda usielewe kwa nini niliingiwa na hofu. Miaka ile watu walikuwa wamerudi kutoka uhamishoni wakiwa na makaburi mengi na maelezo machache, na kila kifo kilitafutiwa mtu. Mwanamke akishatajwa kwa sumu, hakuwa na mahali pa kusimama. Nimeona kwa macho yangu nyumba ikichomwa, mwenyewe akiwa ameshikilia sufuria moja tu.

Dokta Leku alimtoa paka kikapuni polepole. Kweli mdomo ulikuwa na vidonda, kwenye ulimi na kwenye fizi. Akanusa pumzi yake, akaniambia ninuse na mimi. Ilinuka kama choo cha shule. Akachukua tone la damu, akalitia kwenye kijikaratasi chenye dawa, moja ya vichache tulivyobakiwa navyo, na rangi ikapanda mpaka mwisho wa kipimo. Wakati huo Sajini, ambaye hakuwa na nguvu ya kusimama, alikuwa amejikokota hadi kwenye bakuli la maji na kunywa, na kunywa, na kunywa.

Dokta akatueleza. Kila mwili, wangu na wako, ukila chakula hubakisha taka katika damu. Figo huichuja taka hiyo kwa vichujio vingi mno, vidogo hata jicho haliwezi kuviona, kisha huyakamua maji na kuyarudisha mwilini. Paka mzima hukamua vizuri kiasi kwamba hunywa maji kidogo tu. Figo zikifa, maji hupita bure na taka hubaki. Taka ikizidi, hutoka hata kwenye mate, ikachoma mdomo kutoka ndani.

"Vidonda hivi havikuletwa na sahani," alisema. "Vimeletwa na damu yake mwenyewe."

Musa alisikiliza amekunja mikono. Alasiri Sajini akafa. Kijana yule alifuta macho haraka kwa mkono wa shati, kisha akasema, "Pasua. Toa hiyo sumu niione."

Tukapasua mbele yake. Mkojo kwenye kibofu ulikuwa mweupe kama maji ya mvua. Halafu figo. Dokta aliweka moja mkononi mwangu, na kando yake akaweka figo ya paka mzima kutoka kwenye chupa: haina vinundu, mviringo, imejaa. Nilitazama hii, nikatazama ile. Akamweleza Musa kwamba sumu nyingine huua figo, ndiyo, lakini figo iliyouawa juzi huvimba na kulegea. Hii ilikuwa imesinyaa na kukaza. Ilikuwa ikifa kidogo kidogo kwa muda mrefu, na kila kichujio kilipokufa, vilivyobaki vilichukua mzigo wake. Ndiyo maana Sajini alicheza, aliwinda, alilala juani, mpaka siku vilivyobaki viliposhindwa.

Nimezaa watoto, nimewazika wazazi, lakini hofu ile ya heshima niliyoipata nikiwa nimeshika kitu kile kidogo sijaipata tena mara nyingi.

Na kwa furaha nikaropoka: "Kwa hiyo hakuna sumu!"

Dokta Leku akanigeukia.

"Umeiona sahani?"

"Hapana, Dokta."

"Umempima yule samaki?"

"Hapana."

"Basi umeona figo. Sema figo."

Musa akacheka kwa uchungu. "Mnaona? Hata nyinyi hapana jua."

"Ninajua ugonjwa huu ni mzee kuliko futari ile," Dokta alisema. "Hilo ninalijua, na nitalisema mbele ya mtu yeyote."

Nilimkasirikia, mwanangu. Mwanamke yuko hatarini, na huyu bwana anachagua maneno kama anayechambua mchele! Lakini yeye alikuwa na chanjo ya ng'ombe kule Manibe, kwa hiyo alinituma mimi. Alitia figo zile kwenye chupa, akaifunga kwa kitambaa, akasema, "Ukifika, usipunguze neno na usiongeze."

Ijumaa baada ya sala, ua wa Mzee Rajabu ulijaa. Kiden alikuwa ameketi chini pembeni, watoto wake nyuma yake, fungu la nguo tayari limefungwa. Alikuwa ameshajua mwisho wake. Nilipoingia na chupa, mtu akapiga kelele: "Angalia, serikali imetuma mutoto na nyama ndani ya chupa!" Watu wakacheka. Mzee Rajabu, aliyekaa kwenye kiti cha kamba, akasema, "Serikali iko na nguvu ya kuuliza paka kwa nini imekufa. Mimi naomba pensheni, hakuna mutu anauliza kama mimi iko hai." Wakacheka zaidi, lakini yeye hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye chupa.

Nikaeleza kama nilivyofundishwa. Nilipomaliza, mzee mmoja akauliza kwa mkato, "Wewe mutoto ya Ediofe, jibu moja tu. Ile chakula, ilikuwa na sumu ao hapana?"

Neno "hapana" lilikuwa limefika mdomoni. Nilimtazama Kiden, naye alinitazama. Ningelisema, nani angenipinga? Lakini kama ningesema nisichokiona, basi mtu mwingine pale naye angesema asichokiona, na wao walikuwa wengi kuliko mimi.

"Chakula sikukiona," nikasema. "Siwezi kukisemea. Figo nimeziona. Zilianza kufa muda mrefu kabla ya Ramadhani."

Kiden akafumba macho. Minong'ono ikaanza. Musa akasimama: "Basi, tumesikia. Hajui."

"Kaa chini," baba yake alisema. "Binti, leta hapa."

Nilisuuza figo kwa maji nikampa. Alipapasa vinundu na mabonde yake kwa kidole gumba, hii kisha ile. Halafu akapandisha suruali yake mpaka gotini, na watu wote wakaona kovu la risasi lililokuwa limevuta nyama ya mguu kwa ndani.

"Hii ilipokuwa mupya, ilivimba, laini kama ndizi imeiva," alisema. "Sasa gusa. Imekaza. Kovu hapana kuja kwa wiki moja." Akamgeukia mwanawe. "Musa. Mwaka jana, kabla ya hii Ramadhani, mimi nilikuwa nagombana na nani juu ya birika yangu ya udhu?"

"Na bibi yangu, baba." Musa alimwonyesha mkewe aliyesimama mlangoni.

"Kwa nini?"

"Maji ilikuwa inapungua. Ulisema yeye mvivu, hajazi."

"Halafu nikakuta nani na kichwa ndani ya birika?"

Mzee akajijibu mwenyewe.

"Sajini. Nilikuta yeye asubuhi moja, anakunywa kama ngamia. Nikacheka, nikasema, hii paka imeanza kuswali." Mzee akaziangalia tena zile figo. "Ilikuwa mgonjwa, mimi nacheka. Na mwaka jana huyu mama alikuwa wapi?"

Ni mke wa Musa aliyejibu kutoka mlangoni, sauti kavu: "Alikuwa Sudan."

"Sudan," Mzee akarudia. Akamgeukia Kiden. "Mama, nyumbani iko chakula?"

"Iko sombe tu, Mzee. Ya jana."

"Leta."

Akaenda, akaileta mboga ile ya majani ya muhogo. Mzee akanawa, akasema bismillahi, akala. Ua mzima ulitazama koo lake. Nimewahi kuona watu wakitazama ndege ikitua, hawakutazama vile. Akala mpaka akashiba, akamshukuru, akasema, "Ongeza chumvi." Na Kiden akaanza kulia.

Hakufukuzwa. Lakini sitakudanganya: Musa hakuonja sombe ile, wala wengine wengi. Walikuwepo waliokaa miaka bila kula kwake, na wengine walikufa bila kula.

Niliporudi Arua Dokta aliuliza kitu kimoja tu: kama niliongeza neno. Nikasema hapana. Akaitikia kwa kichwa, akairudisha chupa kwenye rafu. Ndipo nami nikamuuliza lililokuwa likinikera njia nzima: kama si sahani ya Kiden, basi figo zile ziliuawa na nini? Aliniangalia kwa uso wa mtu aliyefurahi kuulizwa.

"Sijui," alisema. "Na katika majarida yote yaliyonifikia, hakuna anayejua."

Sasa nikuambie ninachotaka ukichukue, wewe unayeanza kuvaa koti jeupe. Watu watakuja kwako wakiwa na hofu, na hofu hupenda jibu fupi. Waambie ulichokiona, wazi, bila kuogopa uso wa mtu. Ulipoishia kuona, sema hapo ndipo ulipoishia, hata kama neno moja la ziada lingewafurahisha wote, hata kama lingemsaidia unayemhurumia. Maana siku ukiongeza neno kwa huruma, utakuwa umemfungulia mlango atakayeongeza kwa chuki. Na usidharau kiumbe chochote kinacholetwa mezani kwako. Ndani ya paka mmoja mzee kuna kazi kubwa inayofanyika bila kelele, na kuna watu pia walio hivyo, wanaobeba mizigo ya waliokufa huku tukiwaona wanacheka. Waulize hali zao kabla hawajaanguka.

Mungu akupe macho masafi na mkono usiotetemeka. Akupe walimu wa kukunyamazisha panapostahili, na jirani atakayekula kwako mbele ya watu siku utakaposingiziwa. Akujalie maisha marefu, kwa maana Dokta Leku amekwisha kwenda, nami ni mzee, na wanaofanya utafiti wanajua mengi kuliko sisi tulivyojua; lakini kwa nini figo za paka wengi wanaozeeka hugeuka kovu, hilo bado hawajalimaliza.