Mgeni wa Chumba Namba Mbili

Niliandika jina la marehemu mama yangu kwenye kitabu cha wageni. Naanza na hilo kwa sababu majirani watalisema tu, bora nijisemee mwenyewe.

Nyumba ya wageni niliifungua hapa Matogoro, Songea, kwenye nyumba aliyotuachia mama: vyumba vitatu vya wageni, kimoja changu, na choo cha nje ambacho mlango wake unagoma kufunga. Tangu nimalize kidato cha nne sijalala nje ya kwetu, ukiondoa usiku mmoja hospitalini, na hata huko nilibeba mto wangu. Lakini kaka yangu wa Lizaboni alikuwa ameshasema, "Nyumba yote hiyo unakaa peke yako kama bundi. Pasaka ikifika huna wageni, tunaipangisha, unahamia kwangu." Lizaboni kutoka hapa ni bodaboda moja tu. Masikioni mwangu ilikuwa kama nimeambiwa Ulaya.

Nikanunua kile kitabu kikubwa chenye safu za jina, kabila, atokako, aendako, kuingia na kutoka. Kilikuwa kitupu, nikaona aibu. Mgeni wa kwanza akikuta ukurasa mweupe si atageuka na begi lake? Nikaamua kumwandika mtu mmoja wa kuanzia. Majina yote yakanipotea, nikaandika la mama, chumba namba mbili, kwa kuwa kilikuwa chake na sikuwa nimethubutu kumpa mtu. Atokako: Matogoro. Aendako sikujua niandike nini, nikaacha. Safu ya kutoka nayo nikaiacha. Nikajipongeza kwa werevu wangu, nikanywa chai.

Wa kwanza kuja alikuwa mwalimu wa kike, msimamizi wa mitihani. Asubuhi yake ukungu wa mlimani ulikuwa umeshuka mpaka madirishani. Akanishukuru kwa kumgeuzia viatu: alivivua mlangoni vikitazama ndani, akavikuta vinatazama nje, tayari kuvaliwa.

"Hata hotelini sijafanyiwa hivi, mama."

"Ndiyo huduma yetu," nikajibu, kwa kifua mbele.

Sikuwa nimegusa kiatu cha mtu. Mwenye tabia hiyo alikuwa mama. Mgeni akilala kwetu, yeye aliamka kabla yake akamgeuzia viatu, eti asianze safari kwa kuzungukazunguka mlangoni. Nikajiambia labda nimevigeuza nikiwa usingizini. Mimi, ambaye kazi inanishinda nikiwa macho!

Kisha akaja mfanyabiashara wa madini kutoka Tunduru, mtu mzima, mcheshi. Kulipokucha nilimkuta ukumbini, viatu vyake vinatazama nje.

"Yule bi mkubwa Mwenyezi Mungu ampe afya," akasema. "Alfajiri natoka kutawadha nikamkuta ameinama hapa, anageuza viatu. Nimempa shikamoo, hakuitika. Katikisa kichwa tu, kaingia zake."

"Kaingia wapi?"

"Si humo, namba mbili?" Alikuwa anasaini kutoka, akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza kitabuni. "Huyu hapa. Mbona hajatoka tangu ufungue? Kakupenda huyo."

Kiharusi kilimnyang'anya mama sauti miezi yake ya mwisho. Ukimwamkia, alitikisa kichwa tu. Hilo sikuwa nimemwambia mgeni yeyote.

"Alhamisi narudi na wenzangu wawili, inshallah," akaendelea. "Tutachukua vyumba vyote vitatu. Tukipapenda, kila tukija Songea tunafikia hapa. Bi mkubwa mtafutie pengine."

Wageni wa kudumu! Lizaboni ningeisikia kwa watu tu. Ila lazima chumba namba mbili kiwe wazi Alhamisi.

Nikakifungua mchana kweupe, mlango wa mbele wazi, redio nimeifungulia mpaka mwisho. Ufunguo haukuwa umetoka kwenye pindo la kanga yangu tangu siku nilipotandika kile kitanda. Shuka lilikuwa limebonyea ukingoni, pale mtu anapokaa kabla ya kusimama. Nikaweka kiganja. Palikuwa na uvuguvugu, na dirisha lile halipati jua mpaka saa tisa.

Nilitoka na kitabu kwapani, ndala moja mguuni, mpaka kwa jirani yangu, bibi aliyemwosha mama siku ya msiba. Alikuwa anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani anakukimbiza?"

Nikamweleza yote, viatu, shuka, mtu wa Tunduru na Alhamisi yake. Hajui kusoma, akaniamuru nimsomee ule mstari. Nikasoma.

"Na hapo peupe?"

"Aendako. Sikujaza."

"Na pale?"

"Kutoka. Napo sikujaza."

Akapuliza makapi kwenye ungo, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ile ndala moja.

"Umesoma mpaka sekondari, ukamwandika mama yako ameingia, hukumwandika ametoka. Ulitaka akalale wapi, kwangu?"