Mbwa wa Mama Neema kanikimbiza leo

Jamani, leo nimemcheka mtu kwenye runinga, kumbe najicheka mwenyewe.

Jirani yangu Mama Neema kaenda msibani Ilemba, kaniachia mbwa wake Popi. Akaniambia, "Mama Eliza, huyo ndiye mlinzi wangu, asitoke getini."

Mchana nikakaa na wanangu tunaangalia komedi. Kuna mama kaachiwa mbwa wa watu, kampoteza. Nikacheka mpaka machozi. Nikasema, "Huyu mama hana akili."

Kugeuka, geti liko wazi. Popi hayupo.

Nikatoka mbio na ndala moja mguuni. Mtaa wetu wote wa Katandala naita Popi, Popi. Nawaza, mwenzangu katoka kuzika, nitamwambia nini?

Nikamkuta mzee mmoja njiani.

"Shikamoo babu. Hujamwona mbwa wa kahawia, sikio moja jeupe?"

"Marahaba. Si huyo hapo nyuma yako? Tangu unatokea kule mnakuja wote."

Nageuka, Popi huyo, anatikisa mkia. Alidhani tunatembea.

Jioni Mama Neema kapiga simu. "Popi hajambo?"

"Hajambo, nilimtembeza kidogo."

Sasa wenzangu, hapo nimedanganya?