Mapigo Yangu Tisini

Mtoto wa kaka yangu anasomea kazi ya ambulensi chuo kikuu, na mimi, fundi cherehani mwenye akili zangu timamu, ndiye mgonjwa wake wa nyumbani. Jamani, nimefungwa bendeji mpaka masikioni! Kila jioni nalazwa kwenye kochi, ananishika kifundo cha mkono, anauliza, "Mapigo?" Namjibu, "Tisini!" Kwa nini tisini? Naipenda tu. Hapa nyumbani tunamwita Daktari wa Sebuleni.

Kumbe na darasani ni yale yale. Wanajifunzia kwa mdoli wa mpira, na mdoli hana mapigo. Mwanafunzi anamshika mkono, mwalimu anamtajia idadi. Basi mtoto wetu alipopelekwa kazini kufanya mtihani, akamshika mkono mzee wa watu aliyezimia sokoni, akainua macho kwa mkufunzi aliyemsimamia, akasubiri kutajiwa. Akasubiri weee! Mzee akazinduka mwenyewe, akauliza, "Binti, mbona umeganda?"

Mkufunzi, bwana mmoja asiyecheka ovyo, akamfelisha. Imebaki nafasi moja. Akikosea tena, anarudia mwaka mzima. Mtoto alilia mpaka chakula kikapoa. Nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki, lakini ndoo ipo, kateke mengine. Nilijifanya mkali, ila moyo uliniuma.

Wiki iliyofuata nikapanda kigoda dukani kufikia jora la juu. Puu! Nikaangukia mkono, ukavunjika. Fundi mwenzangu akapiga simu, ambulensi ikaja, na nani anashuka? Daktari wa Sebuleni, kwenye nafasi yake ya mwisho, mkufunzi nyuma yake.

"Unamfahamu mgonjwa?" mkufunzi akamuuliza.

"Ni shangazi yangu."

"Nimhudumie mimi?"

"Hapana, mwalimu. Niache nifanye."

Mkufunzi akasogea ukutani, akakunja mikono. Mtoto akapiga magoti, akanishika mkono ule mzima. Nami, mazoea yana taabu, nikapayuka, "Tisini!"

"Nyamaza, Shangazi," akasema, macho kwenye saa. "Nahesabu mwenyewe."

Mimi! Kunyamazishwa na mtoto niliyemfunga nepi! Akahesabu, akaniuliza kama nahisi vidole, akaufunga mkono uliovunjika taratibu, na safari hii bendeji haikufika masikioni.

Ndani ya gari nikashindwa kuvumilia. "Mwalimu, amefaulu?"

"Mgonjwa naye huulizwa, mama. Wewe unasemaje?"

Nikamgeukia mtoto. "Mapigo yangu mangapi?"

"Mia na kumi na mbili, Shangazi."

"Basi mpe, mwalimu," nikasema. "Nimemtajia jibu, akalikataa."

Mkufunzi akacheka, akampa mkono, akamwambia amefaulu. Nililia kwa sauti, na wala si kwa maumivu.