Bandi za Koti la Kijivu

Mtaani kwao hakuna aliyewaita kwa majina yao. Dada mkubwa alikuwa Mkasi, mdogo alikuwa Sindano, na duka lao la ushonaji lenye mlango mmoja lilijulikana hivyo hivyo, hata kama kibao cha mlangoni kilisema jambo jingine. Mkasi alipima, akakata, akapiga bandi, ile mishono mirefu ya mkono inayoshika vipande vya nguo visihame kabla havijashonwa. Akimaliza, alimtupia mdogo wake nguo begani kama mtu anayeanika taulo. Sindano aliketi kwenye cherehani, akashona pembeni mwa bandi, kisha akazichomoa moja moja na kuzitupa sakafuni. Walikaa hivyo miaka thelathini na moja, na hawakuwahi kubadilishana kazi hata siku moja.

Kugombana waligombana kila siku. Mkasi alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo bandi zake zililala upande usiotarajiwa, ndefu, za mtu mwenye haraka zake. Na kila alipoanza uzi alifunga fundo kubwa kama punje ya mtama.

"Fundo gani hili, dada?" Sindano aliuliza.

"Kwani unalila?"

"Linagoma kutoka."

"Basi livute. Si ndiyo kazi yako?"

Mkasi aliugua figo, na ugonjwa wenyewe haukumpa hata miezi mitatu. Baada ya mazishi Sindano alifungua duka, akakusanya kila kilichokuwa kimekatwa, akashona mfululizo. Nguo kumi na saba kwa siku tisa. Hakutaka mtu aje kusema kwamba dada yake alikufa na nguo za watu. Alichomoa bandi za mwisho machozi yakimtiririka hadi shingoni, akafagia duka, akaamini kwamba hakuna kazi ya Mkasi iliyobaki hapa duniani bila kumalizwa. Amani aliyoipata ilikuwa hiyo tu.

Ndivyo alivyoumbwa. Hawezi kuona kitu kimeachwa nusu. Aliwahi kumfuata mwanamume asiyemjua hadi ndani ya benki, akamkata uzi uliokuwa ukining'inia kwenye kola, kisha akamwambia, "Sasa nenda," kana kwamba yule bwana ndiye aliyemwomba.

Aliyebaki ni binti wa Mkasi, mtoto wa pekee, na Sindano akawa mama yake bila kuulizwa. Wakati huu tunaousimulia binti alikuwa na miaka ishirini na minne na ni mbunifu wa mitindo. Si mitindo ya kuvaa, ni ile ya kutazama. Alishawahi kutengeneza gauni lenye mikono iliyoshonwa ikafungwa kabisa mwishoni, na Sindano alipouliza mwenye gauni atakulaje, aliambiwa hilo ndilo swali lenyewe. Alijibu kwamba kama swali ni hilo jibu lake ni mkasi, na wote wawili wakacheka hadi wakashika mbavu. Walipendana sana hawa. Ni katika nguo tu ndipo hawakuelewana.

Basi yakaja maonyesho. Wabunifu wapya tisa walichaguliwa kuonyesha kazi zao kwa siku tatu katika jengo lililokuwa zamani kiwanda cha sabuni, kila mmoja akapewa ukuta wa hatua nne. Siku ya kwanza, saa tano asubuhi, majaji wangepita na kumchagua mmoja, naye angepata mwaka mzima katika karakana kubwa yenye mashine, vitambaa na walimu. Binti alikuwa ameomba miaka miwili mfululizo bila kupata hata huo ukuta. Safari hii alipeleka picha ya nguo moja ambayo hakumwonyesha mtu nyumbani, na siku ya pili tu wakampigia simu.

"Nguo gani hiyo?" Sindano alimuuliza.

"Utaiona siku yenyewe, Ma'mdogo. Ikiwa imesimama, imewashiwa taa. Nataka wewe ndiye uwe wa kwanza kuiona."

Siku yenyewe walifika saa mbili kasorobo. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na chumba kimoja cha kazi kwa wabunifu wote tisa: meza ndefu, pasi mbili za mvuke, cherehani ya umeme kwa ajili ya dharura, na pipa moja la takataka. Kuta zilikuwa bado zinanuka sabuni. Sindano alipita akitazama nguo za wengine, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Aliona koti la mvua la karatasi. Aliona suruali ya miguu mitatu, akamuuliza mwenyewe huo wa tatu ni wa nani, mwenyewe akamweleza kwa dakika tano, naye akaitikia, "Haya, mwanangu," akaendelea na safari.

Binti alikuwa na haraka. Kadi ya maelezo ya kubandika ukutani ilikuwa bado kwa mchapaji, na sanamu la kuvalisha nguo lilikuwa kwa rafiki yake, upande wa pili wa mji.

"Nipigie pasi nguo zile tatu za kwenye reli, Ma'mdogo. Nitarudi saa nne na nusu."

"Nenda, mwanangu. Zitakuwa tayari."

Zile tatu hazikumchukua hata nusu saa. Alipokuwa akizitundika akaona kuna ya nne, mwisho kabisa wa reli, ndani ya mfuko wa kitambaa. Akafikiri mtoto kakosea kuhesabu kwa papara. Akafungua zipu.

Lilikuwa koti refu la sufu ya kijivu, halijashonwa popote. Lote lilishikwa na bandi nyeupe: mabegani, ubavuni, kwenye kola, mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umeshikwa nusu tu, na kutoka hapo uzi ulining'inia hewani. Sindano hakuhitaji kuuliza ni kazi ya nani. Bandi zililala upande ule usiotarajiwa. Alipapasa bega, kidole kikagusa fundo.

"Mkasi, wewe!" alisema kwa sauti, na mwenye suruali ya miguu mitatu akageuka kumtazama.

Alikaa chini. Kumbe ilikuwapo ya kumi na nane. Alizifuata bandi kwa kidole kutoka bega hadi mkono, akaona zinavyozidi kurefuka, zinavyoyumba, mahali pengine dada alirudia mara mbili kama mtu aliyesahau alipofika. Alikumbuka wiki ile ya mwisho, Mkasi akikataa kulala, akidai mikono ndiyo inayouma akiipumzisha. Ni dhahiri alikuwa akimkatia binti yake koti, akaishiwa nguvu katikati ya mkono wa kulia. Sindano alilia kidogo, akajifuta na ukosi wa blauzi. Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na nusu.

Wapo watu wakiona nguo yenye bandi ukumbini watasema ni mtindo. Sindano aliona kazi iliyochelewa. Majaji saa tano, koti halijashonwa, na mtoto wa watu ameona haya kumwambia, au amelemewa na mambo. Hakuwaza mara mbili. Kwa nini angewaza? Miaka thelathini na moja dada yake alimletea nguo zikiwa hivyo hivyo, na maana yake ilikuwa moja tu: zamu yako.

"Ulichoka, eh?" alimwambia dada yake. "Leta huku."

Aliumalizia kwanza ule mkono wa kulia kwa bandi zake mwenyewe, ndogo, zilizonyooka. Kisha akakaa kwenye cherehani. Siku ile alishona vizuri kuliko alivyowahi kushona maishani. Kola aliilaza ikatulia, mabega akayaweka yakakaa, pindo akaliziba kwa mkono kwa mshono usioonekana. Alipomaliza alichomoa bandi moja moja, mafundo yaking'ang'ania kama zamani, akawa anacheka huku kamasi zinamtoka. Akazitupa sakafuni, akafagia, akamwaga pipani. Halafu akalipiga koti pasi ya mvuke, taratibu, mpaka vitundu vyote vya sindano ya Mkasi vikajifunga na sufu ikawa kama haijawahi kuguswa.

Saa nne na dakika thelathini na tano binti aliingia na sanamu begani, kadi mkononi. Koti lilikuwa limetundikwa mbele ya dirisha.

"Nimekumalizia," Sindano alisema. Uso wake wote ulikuwa unang'aa. "Ungeniambia mapema, nisingeshona kwa haraka hivi."

Binti aliweka sanamu chini. Akalisogelea koti, akaufunua mkono wa kulia, akatazama ndani, akaufuata mshono kwa dole gumba kutoka bega hadi kifundo cha mkono. Akarudi juu. Akaufuata tena.

"Kuna mahali hapajakaa?" Sindano aliuliza.

Binti alimpa kadi. Maandishi yalikuwa machache: *Mama alinikatia koti hili akiwa mgonjwa. Alipiga bandi hadi nusu ya mkono wa kulia. Hapa ndipo alipoishia.*

Sindano alisoma, akasoma tena, na mara ya pili akashika meza.

"Nililificha," binti alisema. "Baada ya mazishi ulikuwa unamaliza kila kitu. Nikajua ukiliona utalimaliza na hili."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka ulikute ukutani. Nilijua utautambua mkono wake kabla ya mtu yeyote."

"Niliutambua," Sindano alisema. "Niliutambua, mwanangu, ndiyo maana."

Alilinyakua koti. "Nipe nusu saa. Nafumua, napiga bandi upya, ndefu vile vile, naziinamisha vile vile."

"Za nani, Ma'mdogo?"

"Nani atajua?"

"Mimi na wewe."

Hapo akakumbuka pipa. Alikwenda mbio, akapiga magoti, binti naye akapiga magoti upande wa pili. Lakini tangu asubuhi watu wa wabunifu tisa walikuwa wakikata na kuchomoa katika chumba kile, na karibu kila mmoja alitumia uzi mweupe, maana ndio unaotumika kwa bandi. Pipa lilikuwa limejaa nyuzi, zimesokotana na vumbi na vipande vya karatasi. Binti alivuta kishada kimoja.

"Hizi?"

"Sijui."

"Hii yenye fundo?"

Sindano aliushika uzi, akauleta karibu na macho. Fundo lilikuwa kubwa. Lakini kila mtu hufunga fundo akiwa na haraka, na pale chumbani nani hakuwa na haraka?

"Si unaujua mkono wake," binti alisema, na sauti yake ilianza kupasuka.

"Naujua ukiwa kwenye kitambaa."

Walichambua mpaka mtu wa ukumbini alipopiga makofi mlangoni akiwaambia kila mmoja asimame kwenye ukuta wake. Binti alijifuta mikono. Akalivalisha sanamu koti kwa sababu ukuta wake haungeweza kukaa mtupu, akawasha taa. Kadi aliitia mfukoni.

Majaji walikuwa watatu. Walizitazama zile nguo nyingine tatu kwa adabu. Mbele ya koti walisimama wakiangalia huku na huku, kama watu waliofika nyumba waliyoelekezwa wakakuta si yenyewe.

"Hili ndilo lile la kwenye picha?" jaji mmoja, mama mwenye miwani, aliuliza. "Halina maelezo?"

"Halina," binti alijibu.

Mama yule alifunua ukingo wa koti, akatazama mishono kwa ndani, akainua nyusi. Huyu alikuwa mtu anayejua kazi.

"Limeshonwa vizuri sana," alisema. "Nani kalishona?"

"Ma'mdogo wangu. Huyo hapo."

Jaji alimgeukia Sindano, akampa mkono. "Hongera, mama. Siku hizi watu wa mkono kama huu hawapatikani." Akautikisa mkono wake kwa dhati, na Sindano hakuweza kuuondoa. Alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema asante. Kisha majaji wakaandika kidogo, wakasogea. Kwenye suruali ya miguu mitatu walikaa sana, wakauliza maswali, wakacheka, wakaomba kuishika.

Binti aliwatazama mpaka walipofika ukuta wa mwisho. Kisha akamsogelea mama yake mdogo, akamtoa kipande cha uzi kilichokuwa kimenasa kwenye nywele.

"Umesikia, Ma'mdogo? Wamesema limeshonwa vizuri."

Sindano alitafuta kejeli katika sauti ile, akaikosa. Mtoto alikuwa anambembeleza. Afadhali angemzaba kofi.

"Nitukane, mwanangu," alisema. "Nitukane tu."

"Nikikutukana, jioni nitarudi nyumbani kwa nani?"

Maonyesho yalikuwa ya siku tatu, koti lilipaswa kusimama pale chini ya taa mpaka mwisho, na hiyo ilikuwa saa tano na nusu ya siku ya kwanza.