Mkono wa Shimo la Mwisho

Kwenye kiwanja cha gofu cha Kamina, mwenzako akiinua fimbo, wewe unanyamaza. Hukohoi, hucheki, na simu ikilia mfukoni utaisikia aibu yake wiki nzima. Hukanyagi njia ambayo mpira wake utapita kuelekea shimoni. Aliye mbali na shimo ndiye anayetangulia, awe mkubwa, awe mdogo. Mpira unapigwa palepale ulipoangukia, hata ukijibana kwenye kichuguu. Na shimo la mwisho likiisha, mnavua kofia, mnapeana mkono.

Nilifundishwa sheria hizo na shemeki yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, mwaka ule niliooa. Yeye ni mkubwa katika ofisi ya jimbo, mimi prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari. Alinisimamia mpaka wenye kilabu wakanikubali, na kila Jumamosi tulicheza wawili. Sheria ya kunyamaza aliishika pale tu fimbo ilipokuwa juu, ikishashuka, matusi. "Weye unachezaka ao unalimaka?" aliniuliza nikichimbua udongo. "Mwizi wa dada yangu, angalia ile mupira inaenda wapi!" Nilimpenda sana mtu yule.

Halafu mke wangu akafa. Homa, siku chache tu, basi. Ndugu zake walisema nilichelewa kumpeleka hospitali, na tangu siku ya mazishi shemeki hakunisemesha tena.

Sasa, kwa ukoo wao, mwanaume aliyefiwa na mke anabaki na lufu mwilini, ndivyo wanavyokiita kifo, mpaka wenye marehemu waje wamwoshe. Kabla ya hapo hanyoi, analala chini kwenye mkeka, na hakuna mtu wa upande wa mke anayemgusa. Siku wakimwosha, mkubwa wao anampa mkono mbele ya watu. Hapo kilio kimekwisha, na watoto wanarudi kwa baba yao. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, walikuwa wamempeleka Kaniama kwa bibi yake. Nilidhani ni kwa majuma machache. Mahindi yakapandwa, yakavunwa, hakuna aliyekuja kuniosha.

Nilimtuma pasta. Akamweleza mama mkwe kwamba hayo ni mambo ya zamani, kanisa limeshaomba, inatosha. Mama mkwe, ambaye ni kiongozi wa wamama wa kanisa lilelile, alimsikiliza mpaka mwisho, akasema amina, na mtoto akabaki naye. Shemeki nilimpigia simu, hakushika. Nilienda kwake, mlinzi akasema hayuko, na gari lake naliona kwa macho yangu!

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikakumbuka sheria nyingine ya kilabu: anayefika peke yake hakataliwi, wa kwanza kumkuta lazima acheze naye. Nikajiambia, akicheza nami atanipa mkono, maana sheria inamlazimisha. Akinipa mkono mbele ya watu, nimeoshwa, atake asitake. Niliona nina akili sana, mjinga mimi.

Jumamosi ile alinikuta mahali pa kuanzia, na ndevu zangu na shati langu jeusi. Akaniangalia kama mtu anavyoangalia wingu la mvua akiwa na nguo kwenye kamba.

"Haya, tucheze," akasema.

Hakukosea hata sheria moja. Nikiinua fimbo, kimya. Nikiishusha, kimya vilevile. Mpira wangu ulipopotea kwenye majani marefu, alikuja kunisaidia kuutafuta, akiinama, akifungua majani kwa fimbo yake, na mimi nikaanza kupata moyo. Nilichimbua udongo makusudi, pande kubwa, ili tu anitukane. Akasubiri nirudishe udongo mahali pake, tukaendelea. Ningetoa chochote nitukanwe siku ile.

Shimo la mwisho liko mbele ya baraza, na wenzetu walikuwa wamekaa pale na vinywaji vyao. Waligeuza viti kututazama. Alisukuma mpira wake ukaingia, nami nikasukuma wangu. Akavua kofia, akaleta mkono. Nikaushika kwa mikono yangu miwili, machozi yakinitoka.

"Ulicheza muzuri, musiye," akasema.

Musiye, yaani bwana, kama anavyoitwa mtu usiyemjua! Mimi, mume wa dada yake! Hapo ndipo akili ikanirudia. Mfiwa wao hawamgusi kabla ya kumwosha; kumgusa ni kumtukana marehemu. Anayepewa mkono hivihivi ni mpita njia, mtu asiyewahusu. Alikuwa amenipa mkono kwa sababu sikuwa mtu wao tena, na mashahidi nilikuwa nimemtafutia mwenyewe.

"Na mutoto?" nikamuuliza.

"Mambo ya nyumba hatusemake hapa ku kiwanja, musiye. Njo sheria."

Akavuta mkono wake taratibu, akapanda barazani, akaagiza limonadi. Kesho yake nilijinyoa mwenyewe, hakuna aliyenimwagia maji. Jirani zangu walinipongeza, wakidhani kilio kimekwisha.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu mmoja niliyesoma naye zamani, ambaye sasa anafundisha Kaniama, alinipigia simu. Akaniuliza kama ni mimi kweli, kama niko hai. Nikacheka, nikamwambia si unanisikia?

"Kuko mutoto mwanamuke hapa, mu darasa ya kwanza," akasema. "Sura njo yako kabisa. Balimwandikisha na jina ya mujomba wake. Leo nilimuuliza, baba yako iko wapi? Aliniambia, baba na mama balikufa bote babili, balibazika Kamina."