Eulalie Wabiwa na Uasi wa Jumamosi Asubuhi

Eulalie Wabiwa alizaliwa Cimpunda, mtaa wetu wa Bukavu juu ya ziwa, kwa baba aliyeogopa ziwa na mama ambaye hakupata usingizi bila kulisikia. Sisi majirani tulishangaa siku zote jinsi wawili hao walivyooana.

Baba yake, papa Honoré, ni Mulega wa Mwenga, huko milimani mbali na ziwa. Ujana wake wote alichimba dhahabu, akaingia kwenye mashimo ambayo mtu mwingine angesali kwanza kabla ya kuyaingia. Hakuogopa. Lakini maji yanayoenea mpaka macho yanachoka, hayo hakuyaweza. Siku moja alishuka Bukavu, akamkuta msichana wa Idjwi ufukweni akishusha mananasi kutoka kwenye mtumbwi huku akitaniana na kila mtu. Jina lake Christine. Honoré alinunua mananasi mpaka akakosa mahali pa kuyaweka. Alipotaka kumwoa, akaambiwa ni lazima aende mwenyewe kwa wakwe.

"Njia ya gari iko wapi?" aliuliza.

"Honoré, Idjwi ni kisiwa."

"Nimesikia. Lakini kwa upande ya nyuma?"

Alivuka amelala kifudifudi ndani ya mtumbwi, kichwa kwenye blanketi, katikati ya mbuzi wa mahari. Wakwe walipoona mtu anashushwa kwa kubebwa walidhani wameletewa mgonjwa, wakamchemshia dawa ya tumbo. Akainywa yote kwa heshima. Ndoa ikafungwa, akarudi Bukavu kwa namna ileile, akaapa kwamba hatakanyaga mtumbwi tena.

Eulalie, mtoto wao wa kwanza, alichukua sura ya baba na roho ya mama. Kila likizo alikwenda Idjwi kwa tonton Elysée, kaka ya mama yake, aliyekuwa na boti ya injini. Huko alijifunza kuogelea kabla ya kujua kusoma. Alipokuwa msichana mkubwa, wanajeshi wa ziwani wakaja kutafuta vijana, naye akajiandikisha. Habari aliileta nyumbani wakati wa kula, bugali ingali moto.

"Jeshi, nakubali," papa Honoré alisema. "Mai, nakataa."

"Papa, ni jeshi ya mai."

"Basi ufanye kazi yako ukibakia kwa port."

Mama Christine alicheka mpaka akasahau kula.

Hakubakia bandarini. Alipewa kuendesha boti ya doria, chini ya commandant mmoja aitwaye Fabien, mtu mfupi aliyependa suruali nyeupe zilizopigwa pasi. Fabien hakuwa mtu mbaya wa kila siku. Aliimba vizuri, aligawa biskuti. Ila alikuwa na haraka nyingi, na aliamini boti ile ni mali yake kama viatu vyake.

Jumamosi moja asubuhi waliondoka Bukavu kuelekea kaskazini. Kwa maneno ilikuwa doria, lakini ndani ya kabini kulikuwa na keki ya ubatizo wa mtoto wa dada yake commandant, imefunikwa kwa chandarua. Walipofika mbali wakaona baleinière, ile boti kubwa ya mbao, imesimama katikati ya ziwa, injini imekufa, mawimbi yanaipiga ubavuni. Watu walikuwa wakichota maji kwa masufuria. Ilikuwa korali ya parokia moja ya Idjwi, ikienda kuimba kwenye misa ya upadrisho mjini. Wote walivaa kitenge cha njano. Kwa mbali ungedhani ni shehena ya ndizi mbivu.

Eulalie akapunguza mwendo.

"Endelea," Fabien alisema. "Tutaita bengine bakuye kubasaidia."

"Mon commandant, ile boti inajala mai. Bengine batakuta nini?"

"Haiko kazi yetu. Endelea. Ni amri."

Eulalie akazima injini. Ziwa likanyamaza, na sauti za watu wale zikawafikia. Hawakupiga kelele. Walikuwa wakiimba litania ya watakatifu, na baada ya kila mtakatifu, sufuria za maji zikamwagwa nje kwa pamoja.

"Mi nakataa," Eulalie alisema.

Ametusimulia kwamba neno hilo lilipotoka, mwili wake wote ulikuwa mwepesi, kama mtu aliyeshusha gunia la makaa mgongoni baada ya kupanda mlima. Fabien akawageukia askari wawili waliobaki, Parfait na Didier, akawaamuru wamkamate. Parfait alitazama ile boti ya njano. Kisha akaweka bunduki chini taratibu, akaokota kamba. Didier, ambaye si mtu wa maneno mengi, alimshika commandant mkono kwa adabu, akamwingiza kabini na kufunga mlango.

"Utusamehe, chef," alisema dirishani. "Huku inje kuko upepo."

Uasi ulikuwa ndio huo. Wakaisogelea baleinière, wakaanza kupokea watu. Lakini waimbaji walikuwa wengi, ikabidi kabini ifunguliwe. Wakaingia wamama wa sauti ya kwanza, wanene wote, wakamkuta mtu wa suruali nyeupe amekaa peke yake na keki. Wakampa pole. Mmoja akamwekea mtoto mchanga mapajani ili mama mwenyewe apate kupiga ngoma. Mtoto akalala, halafu akailowesha suruali, na Fabien hakujua la kufanya ila kuendelea kumbembeleza. Maman Anne-Marie, mwongozaji wa korali, aliuliza keki ni ya nani. Hakungoja jibu. Akaikata.

Wakarudi Bukavu wakiivuta baleinière tupu, boti imejaa watu wa njano wanaoimba kwa sauti nne na sukari midomoni. Wimbi likiwainua wanaimba, likiwashusha wanacheka. Parfait alicheza mpaka kofia ikamwangukia majini. Eulalie alicheka hadi machozi yakamziba macho, Didier akawa anamwonyesha njia kwa mkono. Alijua kabisa anakwenda gerezani. Hata hivyo anasema hajawahi kufurahi namna ile, hata siku ya harusi yake.

Ufukweni, watu waliomwona mkubwa akishuka na mtoto mikononi walimbeba juujuu kama mwokozi. Fabien akawapungia mkono. Siku zilizofuata akawashtaki Eulalie na wenzake kwa uasi, wakafungwa.

Mwanasheria alimsihi Eulalie aseme kwamba injini ilizimika yenyewe. Akakataa na hilo. Basi ilibaki njia moja: watu wa baleinière waje kusimulia. Nao walikuwa wamesharudi Idjwi. Mama Christine alifunga mfuko wake aende kuwaita, lakini papa Honoré akauchukua.

"Ni mi nitaenda. Ni mutoto yangu."

"Honoré, ni mai."

"Najua ni mai. Niko naiona kila siku."

Mtaa mzima tulimsindikiza. Alipanda boti, akakaa mbele, wima, mikono imeng'ang'ania ubao. Walipofika katikati alimuuliza mwenye boti kina kinafika wapi.

"Kwa magoti, papa," yule akamdanganya.

Papa Honoré akatazama chini, kwenye ule weusi usio na mwisho, akaelewa kwamba amedanganywa na kwamba bado yuko hai. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka Idjwi, akatua akiyumba kama mlevi, akarudi na korali nzima, wamevaa kitenge kilekile.

Chumba cha mahakama ya kijeshi kilijaa mpaka madirishani. Jaji alimuuliza Eulalie kama alisikia amri.

"Niliisikia muzuri."

"Ukafanya nini?"

"Nilikataa."

"Ukipewa tena leo?"

"Nitakataa mbele amri imalizike kusemwa."

Jaji alisubiri kicheko kiishe. Kisha akamwita Anne-Marie, ambaye hakujua lolote kuhusu mlango uliofungwa. Mama huyo alimgeukia Fabien, akamshukuru mbele ya wote, kwa mtoto aliyembeba vizuri na kwa keki yake tamu. Fabien alitazama sakafu. Mwisho akasimama bila kuitwa.

"Mi niliamuru baachwe," alisema. "Nilikuwa na haraka ya fête ya ubatizo."

Hukumu ilikuwa hivi: kukataa amri ni kosa, watatu hao wanafukuzwa jeshini, lakini kwa sababu ya roho walizookoa, waende nyumbani leo hii. Korali haikungoja jaji atoke. Iliimba kuanzia mlangoni, ikapanda nasi hadi Cimpunda, mama Christine mbele, papa Honoré akicheza bila viatu, na hata mapolisi wa barabarani walisahau kusimamisha magari.

Leo Eulalie anaendesha boti ya tonton Elysée kati ya Bukavu na Idjwi, na Didier, mume wake, anapanga mizigo bila kusema mengi. Abiria humuuliza kama analikumbuka jeshi. Anawajibu kwamba anazikumbuka zile botte tu, viatu vya jeshi, kwa sababu zilikuwa nzuri kwa matope.