Mahindi Yaliyoondoka Yamesimama

Hadi leo nikipita kwenye mteremko ule wa Masanze, mwili hunisisimka, mwanangu. Keti nikueleze, maana nimesikia umekodi trekta na unataka lilime kutoka juu moja kwa moja hadi bondeni.

Nilikuwa binti wa umri wako. Baba mdogo Ramadhani alilima mahindi jirani na shamba la bibi yangu, yaani mama yake. Shamba lake lilipendeza. Mabua ya mwaka uliopita aliyachoma yote, akavuta matuta yaliyonyooka kufuata mteremko. Chakula cha mke na watoto wake kilikuwa pale. Hakuwa na shamba jingine. La bibi lilijaa mabua yaliyolala chini, matuta yake yalikata mteremko kama ngazi, na bondeni aliacha matete yasimame. Baba mdogo alizoea kumtania.

"Mama, shamba lako limeamka halijachana nywele."

"Liache hivyo hivyo," bibi alijibu. "Lako umelinyoa. Jua likilichapa utalivisha kofia?"

Siku moja nilikuwa nikipalilia na bibi, baba mdogo akiwa upande wake. Jua lilikuwa kali, mbingu haina wingu. Mara ndege wakanyamaza. Kisha panya, mijusi na nyoka wakatoka mashimoni upande wa baba mdogo, wakapita miguuni petu bila kudhuriana, wakipanda juu. Ikaja harufu ya udongo uliolowa, na hapakuwa na hata tone. Bibi akaniambia nipande juu ya tuta nisisogee. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, milimani, nasi hatukujua.

Maji yalishuka kimya kimya. Yaliingia katika mifereji iliyo kati ya matuta ya baba mdogo kana kwamba yameitwa, yakaubandua udongo wa juu vipande vipande. Ndipo nikaona mahindi yakiondoka, mistari mizima, yamesimama wima na udongo wake, yakitupita juani kama watu wanaokwenda mazikoni. Baba mdogo aliyafuata hatua chache akiyanyooshea mikono, kisha akasimama. Upande wetu maji yaligonga tuta la kwanza, yakatulia, yakazama. Chini ya miguu yangu nikasikia ardhi ikimeza, na mapovu yakitoka kwenye vitundu kama mtu anayepumua usingizini.

Bibi hakumcheka. Alimshika bega.

"Maji hayakupotea njia, mwanangu. Wewe ndiye uliyeyachimbia njia."

Baadaye mvua zilikatika. Shamba la baba mdogo likawa gumu kama sakafu, jembe likidunda. Kwa bibi, ukifunua mabua, udongo ulikuwa bado na unyevu, na mahindi yake ndiyo yaliyolisha nyumba zote mbili.

Usidhani ulikuwa uchawi. Udongo uliofunikwa, wenye mizizi na wadudu, una vitundu vingi. Maji hupata pa kuingia, hukaa humo, na mmea huyanywa wakati wa jua. Udongo mtupu hujifunga juu, maji yakakimbia na kubeba kila kitu. Kwa hiyo mwambie dereva alime akikata mteremko kama bibi, hata akinung'unika. Usichome mabua. Panda majani juu ya matuta ili yashikane, na matete ya bondeni uyaache, yanapunguza kasi ya maji kabla hayajafika kwa jirani. Anza na kipande kidogo, nami nitakuja kukuonyesha. Utaweza tu.

Mungu akujalie shibe nyumbani mwako, na wanaolima chini yako wasilie kamwe kwa sababu yako.